Nimepewa maboksi mawili ya santuri za foki roki, nitajuaje ipi ni chapa ya kwanza?

SanturiMgeni

Wakuu habari zenu. Nimekuja na swali la mtu asiyejua kitu kwa hiyo msinicheke. Mjomba wangu alikuwa mtu wa muziki sana enzi zake, sasa ameamua kupunguza vitu ndani, kanipa maboksi mawili ya santuri akasema hizi zako lakini usije ukaziuza hovyo kabla hujajua ulichoshika. Nyingi ni foki roki za miaka ya sitini na sabini, Dylan, The Byrds, Crosby Stills Nash & Young, Fairport Convention, vitu hivyo, na nazipenda kweli maana nimezisikia tangu mdogo.

Ishu yangu ni hii. Kila ninaposoma naona watu wanasema chapa ya kwanza, chapa ya kwanza, mimi nilidhani unaangalia tu albamu ilitoka mwaka gani basi umemaliza. Nina Highway 61 Revisited, ilitoka 1965, nikajisemea hii santuri ni ya 1965. Jamaa mmoja kazini akacheka akasema huo ni mwaka wa kuzaliwa albamu sio mwaka wa kuzaliwa kopi yako. Sasa nimechanganyikiwa. Lebo yake ni nyekundu ina alama mbili za jicho kushoto na kulia, chini imeandikwa 360 SOUND kwa nyeupe na vimshale pembeni, namba CS 9189. Lakini jalada lina namba PC 9189. Namba zinafanana herufi hazifanani, hii inakuwaje?

Nyingine ni Déjà Vu, jalada laini tu la kawaida, jamaa huyohuyo anadai linatakiwa liwe na mikwaruzo kama ngozi. Halafu kuna ya Fairport Convention ambayo mbele haina jina kabisa, wazee wawili wamesimama nje ya uzio, nimejua ni Unhalfbricking baada ya kusoma lebo, nadhani ni kosa la kiwandani? Lebo yake ina ukingo wa pinki na mnazi katikati. Na The Band ile ya kahawia, jalada limechanika pembeni limeliwa hivi na vile, hiyo sijahangaika nayo.

Naombeni mnielekeze nianzie wapi.

MzeeWaMono

Karibu sana kijana, na mshukuru mjomba. Jamaa yako wa kazini yuko sahihi kwenye hilo la mwaka. Albamu ikipendwa inachapwa tena na tena miaka kumi, ishirini, hamsini, na mara nyingi hawahangaiki kubadilisha chochote mbele ya jalada. Kwa hiyo unachosoma ni vitu vitatu, lebo, namba, na ile sehemu ya kimya kati ya wimbo wa mwisho na lebo ambapo kuna maandishi yamechongwa. Jalada mimi naliweka mwisho kabisa maana jalada linahama nyumba. Watu wanachanganya kwenye sherehe, wanahamisha santuri nzuri kwenye jalada zuri, wauzaji nao wanafanya yao.

Na yako ndo mfano wenyewe. Kampuni ya Columbia kule Marekani walitumia CS kwa stereo, yaani sauti ya njia mbili, na CL kwa mono, ya njia moja, miaka ya sitini. Hiyo PC ikaja katikati ya miaka ya sabini, wakabakiza namba ileile wakabadilisha herufi za mbele. Kwa hiyo una santuri ya miaka ya sitini imevaa koti la miaka ya sabini. Hawa sio ndugu, wamekutana ukubwani. Mtu fulani alichana jalada lake la zamani au alikuwa na kopi mbili, akabaki na ndoa hiyo.

Habari njema ni kwamba santuri yenyewe ndo ya zamani kati ya hao wawili. Lebo ya macho mawili yenye 360 SOUND nyeupe na vimshale ilitumika takriban 1965 mpaka 1970, kabla yake maandishi hayo yalikuwa meusi, na baada ya 1970 ikaja lebo nyekundu yenye neno COLUMBIA linalorudiwarudiwa kuzunguka ukingo. Kwa hiyo kwa lebo peke yake tunaweza kusema ni kati ya 1965 na 1970, zaidi ya hapo lebo haisemi. Kopi ya Agosti 1965 na kopi ya 1969 zinaweza kuwa na lebo moja.

Hapo ndo unachukua tochi. Zima taa kubwa, shika santuri kwa kingo kwa viganja viwili, usiguse mifereji, tochi iwe ya kulalia upande sio ya juu, utaona namba zinajitokeza kwenye plastiki kama alama za kucha. Utaona herufi XSM, hiyo ni stereo (mono wanaandika XLP), kisha namba ndefu, kisha kistari, kisha namba moja na herufi, mfano 2B. Niandikie upande wa kwanza unasemaje baada ya kistari, nina sababu yangu.

Kamchezo kadogo nikupe bure, ukitaka kujua mono na stereo za Columbia za enzi hizo zinavyolingana toa 6800. CS 9189 toa 6800 unapata CL 2389, ndo mono ya Highway 61. The Byrds, Mr. Tambourine Man, CS 9172 na CL 2372. Inafanya kazi kwenye nyingi za enzi hizo, mimi huwa nafanya hesabu nikiwa nimesimama na boksi mbele yangu watu wananishangaa.

KichwaNgumu77

Mkuu rahisi tu, ikiandikwa 1A ni ya kwanza kabisa, 1B ya pili, 1C ya tatu, unashuka hivyo. Ikiwa 1F achana nayo. Haina haja ya maelezo marefu.

DadaSindano

@KichwaNgumu77 kaka yangu hii ndo inayofanya watu waibiwe mchana kweupe. Kwa Columbia haiko hivyo.

Ngoja niseme inavyotengenezwa. Muziki wa kwenye tepu unachongwa kwanza kwenye sahani laini iliyopakwa laka. Hiyo laka inapakwa chuma, ule ukoko wa chuma ukibanduliwa ni kinyume, yaani mifereji imekuwa matuta. Kutoka hapo wanapata ya pili ambayo wanaiita mama, kutoka kwa mama wanatoa mihuri, na muhuri ndo unaokandamiza plastiki ya moto iwe santuri. Muhuri unachakaa baada ya kopi kadhaa, unatupwa unatolewa mwingine. Sasa Columbia walikuwa na viwanda Pitman New Jersey, Terre Haute Indiana, na Santa Maria California, na albamu kubwa kama ya Dylan ilibidi ifike kila mahali kwa siku moja. Kwa hiyo walichonga laka nyingi kwa mpigo, A, B, C, D na kuendelea, wakazigawa. Kopi ya 1A ya kiwanda kimoja na kopi ya 1F ya kiwanda kingine zinaweza kuwa zimetoka wiki moja. Herufi inakwambia laka ipi, haikwambii nani alitangulia. Mara nyingi utaona pia P, T au S peke yake imechongwa pale, hicho ndo kiwanda.

Namba iliyotangulia herufi ndo ya kuangalia. Ikibadilika kutoka 1 kwenda 2 mara nyingi maana yake walibadilisha kitu chenyewe, tepu au mchanganyo wa sauti. Nadhani MzeeWaMono anaelekea huko ngoja nisimharibie.

MzeeWaMono

Haribu tu dada haha.

Ni hivi. Kopi za mwanzo kabisa za Highway 61 Revisited, upande wa kwanza, wimbo wa nne From a Buick 6 ni rekodi tofauti na ile tunayoijua wote. Walipeleka kiwandani rekodi ambayo haikukusudiwa, baadaye wakabadilisha. Kopi zenye ile ya mwanzo zinaishia na 1 kabla ya herufi. Na huhitaji hata tochi, weka sindano, ukisikia wimbo unafunguka na harmonika hiyo ndo yenyewe. Ile ya kawaida inaanza na mdundo wa ngoma.

Na Dylan ana kubwa kuliko hiyo, The Freewheelin' ya 1963. Nyimbo nne ziliondolewa zikawekwa nyingine nne, lakini kopi chache sana zilikuwa zimeshachapwa na zile za zamani, ikiwemo Let Me Die in My Footsteps na ule wa John Birch. Hizo matriksi, yaani ile namba iliyochongwa, inaishia 1A. Sasa angalia mtego wenyewe, zipo kopi ambazo lebo au jalada linataja nyimbo zilizoondolewa lakini ukipiga unasikia zile za kawaida. Karatasi ilichapwa kabla, plastiki ikaja baada. Kwa hiyo mtu akikwambia ninayo, usiulize lebo inasemaje, mwambie aweke sindano umsikie kwa simu.

Hiyo ndo sababu watu wanapenda kusema 1A, 1A. Kwenye albamu hiyo moja ina maana kubwa, wakaichukua wakaibandika kwenye kila kitu.

DadaSindano

Haya nije kwenye hiyo ya Fairport maana Waingereza ndo kwangu.

Kwanza sio kosa la kiwanda. Unhalfbricking ya 1969 ilitoka Uingereza bila jina la bendi wala la albamu mbele, makusudi kabisa. Hao wazee wawili ni wazazi wa Sandy Denny, mwimbaji wa bendi, wamesimama nje ya nyumba yao Wimbledon, ukiangalia vizuri kwenye matundu ya uzio nyuma utaona bendi wamekaa kwenye bustani. Wamarekani waliona hii haitauza, wakaweka jalada lingine kabisa lenye tembo wa sarakasi. Kwa hiyo ukikuta tembo ni kopi ya Marekani.

Lebo sasa. Island, kampuni iliyoitoa, miaka hiyo walikuwa na lebo ya pinki nzima, pinki yote kutoka shimo mpaka ukingo. Baadaye, kuanzia karibu 1970 na kitu, wakahamia hiyo yenye picha ya mnazi na ukingo wa pinki pembeni tu. Albamu ya 1969 kwenye lebo ya mnazi haiwezi kuwa chapa ya kwanza, ni ya kurudiwa. Ni nzuri ya kusikiliza usiitupe, ila sio ya 1969.

Mimi hili nimejifunza kwa machozi. Kuna muuzaji mmoja alitangaza Five Leaves Left ya Nick Drake, chapa ya kwanza, picha zilikuwa nne na zote za jalada, mbele, nyuma, mgongo, na kona. Jalada safi. Sikuuliza lebo. Ikafika, nafungua, mnazi huo hapo unaniangalia. Nikamwandikia akajibu "lakini nilikuonyesha picha". Na kweli alinionyesha, alinionyesha kila kitu isipokuwa kile nilichotakiwa kuona. Tangu siku hiyo nadai picha nne, lebo mbili na sehemu ya kuchongwa pande zote mbili, asiyetaka aache.

Ila msije mkaanza kuuchukia mnazi bure. Pink Moon ya huyohuyo Nick Drake ni ya 1972, kwa hiyo yenyewe chapa ya kwanza ni mnazi na ndo sahihi. Lebo ileile inaikana albamu moja na kuithibitisha nyingine, lazima ujue kwanza albamu ilitoka lini halafu ndo uulize lebo gani ilikuwa inatumika mwezi huo. Hata Bridge Over Troubled Water ni hivyohivyo, ilitoka Januari 1970 Columbia wakiwa karibu kubadilisha, unataka yenye 360, hiyo nyingine ilifuata baadaye.

Na kwa zile zilizokandamizwa na kampuni ya EMI kule Uingereza kuna siri tamu. Kando ya lebo, upande wa saa tatu ukiweka namba ya matriksi chini kama saa sita, utaona herufi moja mbili. Ni hesabu imefichwa kwenye neno GRAMOPHLTD, G ni 1, R ni 2, A ni 3, mpaka D ambayo ni 0. Ukiona GR ni muhuri wa 12. Decca nao walitumia BUCKINGHAM kwa mtindo huohuo. Lakini ni kwa walichokandamiza wenyewe, usiende kuutafuta kwenye Columbia ya Marekani ukesha bure.

Tinga_la_Kaseti

Mimi ni mtu wa kaseti nilipita tu lakini nimesoma mpaka mwisho. Swali, je feki mnazijuaje? Nimesikia ukiona picha ya jalada ina ukungu basi wamepiga picha ya picha, ni feki.

MzeeWaMono

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Feki nyingi zinatengenezwa kwa kupiga picha jalada la kweli, kwa hiyo maandishi madogo ya nyuma yanakuwa manene na yamevimba, kwenye nyuso weusi unameza nusu ya uso, na wakati mwingine utaona hata mkunjo wa jalada la zamani umechapwa kama picha, unapitisha kidole husikii mkunjo wowote. Hiyo ya mkunjo ndo naipenda, haina utetezi. Bakodi nyuma ya kopi inayodaiwa ni ya 1967 nayo haina utetezi.

Lakini tafadhali sana hiyo sheria ya ukungu usiipeleke kwenye Blonde on Blonde. Ile picha ya Dylan mbele ina ukungu toka siku ya kwanza, mpiga picha Jerry Schatzberg na Dylan walikuwa nje kwenye baridi wanatetemeka na Dylan akachagua hiyohiyo. Nimeshaona mtu anakataa kopi halali ya 1966 kwa sababu "picha haiko kali". Kwenye hiyo fungua ndani, jalada linafunguka kama kitabu, tafuta picha ya mwigizaji Claudia Cardinale. Ilitumika bila ruhusa yake, baadaye ikaondolewa. Ikiwepo, jalada ni la mwanzo.

Na Déjà Vu nimeisahau kijana samahani. Jamaa yako kapatia tena, huyo mtu mlete humu. Ya Machi 1970 jalada lina mparuzo kama ngozi, maandishi ya dhahabu, na ile picha yao ni karatasi tofauti imegundishwa juu, ukipitisha ukucha unasikia ukingo wake. Jalada laini ni la baadaye. Kuthibitisha soma anwani ndogo chini ya lebo ya Atlantic, 1841 Broadway ni ya zamani, 75 Rockefeller Plaza ni katikati ya sabini kuja juu.

SanturiMgeni

Wakuu nimerudi. Nimekesha na tochi mpaka shingo inauma.

Highway 61 upande wa kwanza baada ya kistari ni 2, kisha herufi nadhani ni C au G sina uhakika imechongwa kwa haraka. Kuna T ndogo peke yake kwa hiyo Terre Haute. Nikaweka From a Buick 6 nikishika pumzi, ngoma, hakuna harmonika. Basi. Ila bado ni ya miaka ya sitini kwa hiyo sijakata tamaa, na nikasikiliza upande mzima maana nilishakaa chini tayari.

Déjà Vu ni 75 Rockefeller Plaza. Nimemwambia jamaa wa kazini, sasa anatembea ofisini kama profesa.

Fairport mnazi mmeshaniambia. Nimewaona bendi kwenye matundu ya uzio! Miaka yote hii sijawahi kuwaona.

Mjomba nimempigia nikamuuliza kuhusu jalada la Dylan, akanyamaza kidogo akasema "kulikuwa na mafuta ya taa". Hakuendelea na mimi sikuuliza.

DadaSindano

Hahaha mafuta ya taa, hiyo ni ya kumuuliza taratibu siku nyingine.

Ndugu, umeacha moja. The Band ya kahawia. Usiniambie jalada limechanika, mimi nataka santuri. Lebo ni rangi gani?

SanturiMgeni

Kijani ya kama ndimu, Capitol. Lakini dada jalada lake kweli halitazamiki, mgongo umeachia nimefunga na karatasi ya gundi. Nilikuwa nawaza kuiweka kwenye zile za kutoa bure.

MzeeWaMono

USITOE BURE KITU. Simama hapo.

Albamu ilitoka 1969, na kijani ya ndimu ndo lebo ya Capitol ya 1969 mpaka karibu 1972, kabla ya hapo ilikuwa nyeusi yenye duara la rangirangi, baadaye nyekundu ya chungwa. Kwa hiyo lebo imeshapita. Chukua tochi yako, tafuta herufi mbili ndogo sana zimeandikwa kwa mkono, RL. Ni Robert Ludwig, fundi aliyechonga laka. Kopi zenye RL zinatafutwa kwa udi na uvumba kwa sababu besi na ngoma zimeachwa zilivyo, zile zilizochongwa upya baadaye zimepungukiwa tumbo. Angalia pande zote mbili, zipo zenye RL upande mmoja tu.

Na ukikuta kapembetatu kenye herufi IAM ndani usishtuke, sio jina la mtu, ni alama ya chama cha mafundi mitambo, inamaanisha ilikandamizwa kiwanda cha Scranton.

KichwaNgumu77

Nakubali nilikosea ile ya 1A. Nimeenda kuangalia zangu, nina 1A mbili ambazo nimekuwa nazitambia miaka minne, zote ni lebo ya COLUMBIA kuzunguka ukingo. Msiniulize zaidi.

Mgeni tuambie RL ipo au haipo watu tunasubiri.

SanturiMgeni

Upande wa pili, RL. Ndogo kama imeandikwa na sisimizi, na pembetatu ipo pembeni yake. Upande wa kwanza kuna uchafu umegandia palepale sioni vizuri.

DadaSindano

Usikwangue kwa kucha! Kitambaa laini kisicho na manyoya, maji safi yaliyochujwa na tone dogo la sabuni ya vyombo, pangusa kufuata mzunguko na sio kukata mifereji, lebo isilowe hata kidogo. Suuza na maji hayohayo bila sabuni, acha ikauke imesimama.

SanturiMgeni

Imekauka. RL zote mbili.

Sasa hivi inapiga. Jalada nimelihamisha kutoka kwenye boksi la kutoa bure.